Futi Inayoanzia Kumi

Hadithi hii ni ya kweli. Si ile kweli ya barazani, inayobadilika kila chai inapopoa. Ni kweli tupu, ya kuapiwa mkono ukiwa kifuani. Ukikuta ndani yake uongo, hata wa ukubwa wa kichwa cha pini, njoo mlangoni kwangu unidai. Nitakulipa kwa jasho langu mwenyewe, na mgongo wangu huu mbovu uwe shahidi.

Basi, palikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili aliyeamka kila siku ndani ya nyumba tupu. Baba yake alikuwa mwokaji wa mikate, na mikate haina huruma na usingizi wa mtu. Baba aliondoka kabla jogoo hajakumbuka kuwika. Msichana alipofumbua macho, alikuta vitu vitatu tu vya baba yake: kikombe cha maziwa kilichofunikwa kwa sahani, mkate uliofungwa kwa kitambaa, na nyayo nyeupe za unga zilizotoka jikoni hadi mlangoni.

Alizifagia nyayo zile kila asubuhi. Lakini kabla ya kuzifagia, aliingiza mguu wake ndani ya unyayo mmoja, akapima. Bado vidole vinne, alijiambia. Mwezi uliopita vilikuwa vitano.

Kupima ilikuwa tabia yake. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, na tangu mtoto yule aweze kusimama wima alikuwa ndiye mshika ncha ya futi, ule utepe wa kupimia nguo. "Shika hapo, Sentimita," mama alimwambia, mteja akiwa amesimama kama mlingoti. Jina likamganda. Walimu walimwita Sentimita, wauza mboga walimwita Sentimita. Kisha mwaka jana mama akaugua, akafariki, na aliyelitamka jina lile vizuri kuliko wote akawa hayupo tena.

Baba hakumwita Sentimita. Alimwita "mwanangu", pale alipomwita. Alirudi mchana, akalala, akaamka jua likiwa limeinama, wakala chakula.

"Shule?"

"Nzuri."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Haya."

Maneno ya nyumba ile ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na ukabaki na kidole cha kukunia kichwa. Si kwamba walikuwa wamegombana. Kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake, basi kila mmoja alinyamaza, na kimya kikakaa mezani kama mgeni asiyejua kuaga.

Sasa, nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja mrefu ulioinama kuelekea mlango wa uani. Kila mvua iliponyesha, maji yalishuka kwa kiburi, yakapita chini ya mlango na kuingia katika chumba cha kushonea cha mama. Baba alijaribu kuchimba mtaro kwa jembe. Akachimba wiki tatu, akapata shimo la kumtosha kuku na maumivu ya mgongo ya kumtosha ngamia. Jioni moja, akiwa ameshika kiuno, akatoa sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwaka ule.

"Mwanangu, Jumamosi tutakwenda kutazama trekta dogo la kuchimbia."

Upande wa pili wa kichochoro chao aliishi jirani mmoja mstaafu, mzee mrefu, mtanashati, mwenye meno yote, aliyeheshimiwa na wakubwa kwa wadogo. Watu walimwita Babu Chumvi. Kwa nini walimwita hivyo, mpaka leo haijulikani. Aliposikia habari za trekta, alijitokeza juu ya ukuta wake wa mawe.

"Trekta?" alisema. "Mimi niliendesha trekta wewe hujazaliwa, Sentimita. Refu! Magurudumu ya mbele yakivuka mto, ya nyuma bado yapo sokoni yananunua vitunguu. Nikipiga honi Jumatatu, inasikika nyuma Alhamisi."

"Babu, sasa ulikuwa unageuzaje?"

"Sikugeuza. Ndiyo maana nikastaafu."

Sentimita akacheka, na kicheko chake kikamshtua mwenyewe.

Jumamosi wakaenda kwenye karakana iliyokuwa mwisho wa barabara ya lami. Mwenye karakana alikuwa mama mfupi aliyepakwa grisi hadi viwikoni, mwenye kitambaa chekundu begani. Alitengeneza matrekta yaliyokwishatumika, akayauza. Kila mtu alimwita Bi Spana, naye aliitika.

"Karibuni. Unataka trekta la kufanyia nini?"

"La kuchimba," alijibu baba.

"Kuchimba nini, kaka yangu? Kisima? Kaburi la tembo?"

"Mtaro wa maji, nyumbani kwangu. Na kusawazisha uwanja." Baba akakohoa. "Na nikishazoea, nichimbie na majirani. Watu wengi wana viwanja vibovu." Kisha, akiwa anatazama gurudumu na si mtoto wake, akaongeza, "Likifanya kazi vizuri, mwanangu, naacha mikate ya alfajiri. Asubuhi nitakuwa nyumbani."

Sentimita alisikia moyo wake ukigonga mbavu. Asubuhi nitakuwa nyumbani. Akalirudia neno lile kimyakimya kama mtu anayehakikisha kifungo kimeshonwa imara.

"Basi nisikilizeni," alisema Bi Spana, akifuta mikono. "Watu wengi hununua trekta kwa macho. Wanaona rangi, wanaona ukubwa, wanajiona wao wenyewe wamekaa juu. Trekta linanunuliwa kwa maswali. Uwanja una ukubwa gani? Udongo laini au wa mawe? Mteremko ukoje? Utapitia wapi kuingia? Hili jekundu hapa ni la mashamba. Uani kwenu litakuwa kama ng'ombe ndani ya chumba cha kulala. Likateni kwenye mawazo."

Yakabaki mawili. Moja la bluu, la kati, lenye koleo pana mbele na mkono mrefu wa kuchimbia nyuma. Upana wake, gurudumu hadi gurudumu, sentimita mia moja thelathini na sita. La pili la rangi ya machungwa, dogo, upana mia moja na kumi na tano, nalo lina koleo na mkono, ila mfupi.

"La bluu litamaliza mtaro wenu kwa siku mbili," alisema Bi Spana. "Hili dogo, siku nne. Lakini siku nne za kufika ni bora kuliko siku mbili za kukwama."

Sentimita hakuwa akisikiliza siku. Alikuwa akitazama viti. Trekta la machungwa lilikuwa na kiti kimoja. La bluu lilikuwa na viwili: kimoja kikitazama mbele, kingine kikitazama nyuma, mgongo kwa mgongo. Viti viwili! Akajiona amekaa pale, mgongo wake ukigusa mgongo wa baba, wakitetemeka pamoja na injini mchana kutwa. Hata wasiposema kitu, angemsikia anavyopumua.

Hakuuliza kile kiti cha pili ni cha nini. Nyumbani kwao maswali yalikuwa yamekwisha kama sukari mwisho wa mwezi.

"Kapimeni njia ya kuingilia uani," alisema Bi Spana. "Pimeni pale pembamba kuliko pote. Msikadirie. Namba ndogo kuliko zote ndiyo bosi wa kazi hii. Mniletee, nami nitajua ni lipi la kupakia kwenye lori."

Njia yenyewe ilikuwa kichochoro kati ya chumba cha kushonea na ukuta wa mawe wa Babu Chumvi. Waliokijenga hawakuwaza trekta. Waliwaza mtu na ndoo mbili. Baba akatafuta cha kupimia. Mizani alikuwa nayo mitatu, mmoja hadi wa kupimia hamira. Futi hakuwa nayo. Akasimama kidogo mbele ya chumba cha kushonea, kisha akaingia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akatoka na futi ya njano ya mama ikiwa mkononi.

"Hii haiwezi kukosea," alisema polepole. "Mama yako hakuharibu hata nguo moja."

Sentimita akapokea ncha, akaibana kwenye ukuta wa chumba. Hapo ndipo vidole vyake vilipokumbuka. Futi ile haikuwa na mwanzo. Miaka mingi nyuma, panya mmoja mlafi aliitafuna ncha yake, sentimita kumi nzima. Mama hakuitupa. Alikuwa akisema, "Tunaanzia kumi, kwa hiyo mwishoni tunatoa kumi. Hii ni siri yetu, Sentimita. Wateja wakijua wataogopa suruali zao." Watu wawili tu ndio walioijua siri ile, na mmoja alikuwa amekwenda nayo.

Baba akaivuta futi hadi ukuta wa mawe, akainama, akasoma. "Mia moja na arobaini."

Toa kumi. Mia moja na thelathini. Sentimita alifanya hesabu ile kabla baba hajanyooka. Mia moja na thelathini maana yake ni trekta la machungwa. Maana yake ni kiti kimoja.

Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Trekta la bluu ni mia thelathini na sita," alisema baba. "Linapita, na nafasi kidogo inabaki." Akaandika namba kwenye karatasi ya kufungia mkate. Alikuwa karibu kutabasamu.

Sijasema uongo, Sentimita alijiambia. Futi ndiyo iliyosema. Mimi nimenyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi yetu hapa nyumbani.

Maneno hayo aliyavaa wiki nzima, yakambana kwapani kama blauzi iliyokatwa vibaya. Shuleni, wenzake walipokuwa wakicheza, alikaa peke yake kwenye ngazi, akipima kivuli chake kwa shibiri. Nyumbani alijaribu kusema. Alijaribu mara tatu.

"Baba."

"Naam?"

"Chumvi iko wapi?"

Chumvi ilikuwa mbele yake.

Mara ya pili aliuliza habari za hamira. Mara ya tatu alisema, "Baba, ile futi..." Baba akaacha kutafuna, akatazama sahani yake, na macho yake yakawa na maji. Sentimita akashindwa. "Nimeirudisha kwenye msumari wake," alisema. Baba akatikisa kichwa kushukuru, na mgeni wao kimya akavuta kiti, akakaa tena.

Jumamosi iliyofuata lori likaja na trekta la bluu. Injini ilipowashwa, iliunguruma kwa nguvu hata kuku wa mtaa mzima wakataga siku mbili kabla ya zamu yao. Watu wakatoka kutazama. Babu Chumvi alikuwa ameshakaa juu ya ukuta wake kama jaji. Bi Spana mwenyewe ndiye aliyeliendesha, polepole, akalielekeza kichochoroni. Magurudumu madogo ya mbele yakaingia vizuri. Baba akapiga hatua pamoja nayo, mikono mbele, kama mtu anayemwongoza mtoto kutembea.

Kisha magurudumu makubwa ya nyuma yakafika.

Krrrrr! Plasta ikaanguka kutoka ukuta wa chumba cha kushonea. Upande wa pili mpira ukabana kwenye mawe. Bi Spana akazima injini, akashuka kwa kuruka nyuma.

"Kaka, uliniandikia ngapi?"

"Mia na arobaini."

"Haiwezekani."

"Nimepima mwenyewe!" Baba akaingia ndani mbio, akarudi na futi ya njano. Akaikunjua mbele ya kichochoro, yeye ncha moja na Bi Spana ncha nyingine. "Soma."

Bi Spana akasoma, akakunja uso. "Mia na arobaini. Kweli."

"Trekta limevimba kwa jua," alisema Babu Chumvi kutoka juu. "Kama donge la ngano. Limwagieni maji baridi." Watu wakacheka.

Baba hakucheka. Jambo lilikuwa limemwingia kichwani. "Hebu tulipime trekta lenyewe."

"Lipime," alisema Bi Spana. "Sina cha kuficha."

Wakalirudisha nje, wakalipima kwa futi ile ile, gurudumu hadi gurudumu. Baba akasoma kwa sauti, kila mtu asikie.

"Mia moja arobaini na sita!"

Kicheko kikakatika. Bi Spana akaitazama futi, akalitazama trekta, kama mtu aliyeona jina lake limeandikwa vibaya kwenye mlango wake mwenyewe.

"Uliniambia mia thelathini na sita," alisema baba. "Umenipunja sentimita kumi ili uniuzie kubwa."

"Kaka yangu, miaka kumi na tisa sijamdanganya mtu hata nati moja."

"Futi haina undugu na mtu, bibi. Futi hii ni ya marehemu mke wangu. Utasema naye ni mwongo?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema alijua tu, hawa wauza vyuma ndivyo walivyo. Mwingine akasema hata shemeji yake aliuziwa pampu mbovu, ingawa hakuuziwa na Bi Spana. Bi Spana akavua kitambaa chekundu begani, akaanza kufuta mikono iliyokuwa tayari safi. Akaifuta, akaifuta. Sentimita aliiona mikono ile inatetemeka.

"Lipakie, uondoke nalo," alisema baba. Sauti yake ilikuwa imeanguka. "Sitaki trekta tena. Narudi kwenye mikate yangu. Mkate haunidanganyi: kilo ni kilo."

Bi Spana akageuka kwenda kwenye lori, kichwa chini. Asubuhi zote zile alizoziota Sentimita zilikuwa zinaondoka pamoja naye. Na kama angesema, baba angemtazama vipi? Pengine hata yale maneno matano ya jioni yangekwisha. Lakini mikono ile iliendelea kujifuta.

"Baba, futi inaanzia kumi."

Alisema kwa sauti ndogo. Ikabidi aseme tena.

"Inaanzia kumi, baba! Tazama ncha. Haina moja, haina mbili. Mama alikuwa anatoa kumi kila akipima. Kichochoro ni mia moja na thelathini. Trekta ni mia thelathini na sita, kama alivyosema. Bi Spana hajadanganya. Mimi ndiye..." Akameza mate. "Nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nimeshika ncha, nikanyamaza."

Baba akainua ncha ya futi hadi karibu na pua. Kumi na moja. Kumi na mbili. Akaitazama muda mrefu.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Lile la machungwa lina kiti kimoja." Machozi yakatangulia maneno. "Hili lina viwili. Nilitaka nikae na wewe."

Hakuna aliyecheka. Hata Babu Chumvi, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, hakuwa na neno.

Bi Spana ndiye aliyerudi. Akachuchumaa mbele ya Sentimita, akamfuta machozi kwa kile kitambaa, akamwachia alama ya grisi shavuni.

"Njoo uone, binti," alisema. Akampeleka hadi kwenye viti. "Hiki cha mbele dereva anakaa akiendesha. Akitaka kuchimba, anainuka, anahamia hiki cha nyuma, anashika hizi fimbo za mkono wa kuchimbia. Ni mtu yule yule. Trekta dogo halibebi abiria, hata mtoto wa mfalme. Anayepanda kama mgeni huanguka, na gurudumu halijui kuomba radhi. Kiti ulichokitamani kisingekuwa chako hata siku moja."

Sentimita akakitazama kile kiti. Wiki nzima ya kubanwa kwapani, kwa ajili ya kiti cha mtu mmoja.

"Ungeniuliza," alisema Bi Spana.

"Hatuulizani siku hizi," alisema Sentimita.

Baba alilisikia jibu lile. Akasimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akavua kofia mbele ya watu wote, akamgeukia Bi Spana. "Dada yangu, nimekuita mwongo mbele za watu. Mbele za watu hao hao nakuomba msamaha. Nilisoma namba, sikuitazama futi."

"Nimekusamehe," alisema Bi Spana. "Lakini lori langu limekuja bure, na trekta langu limechubuka. Wewe, binti, utakuja karakana Jumamosi mbili, uoshe matope ya kila kitu chenye gurudumu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Bi Spana. Naomba unisamehe na mimi."

"Wewe utasamehewa ukimaliza la pili," alisema, akamkonyeza.

Trekta la machungwa likaja siku ya tatu. Likapita kichochoroni bila kugusa upande wowote, hata Babu Chumvi akapiga makofi. Kiti chake kimoja kilizunguka: mbele kwa kuendesha, nyuma kwa kuchimba. Bi Spana akamfundisha baba siku nzima, kisha akachukua chaki ya mama ya kuchorea vitambaa, akaweka alama kwenye matofali hatua kumi kutoka mahali pa kuchimba. "Mtoto havuki hapa injini ikiwa inawaka," alisema. "Hata kama ameita radi."

Hapo likajitokeza jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mtaro wa maji lazima uteremke kidogokidogo. Ukikosea, maji yanasimama na kufuga mbu. Aliye juu ya trekta haoni vizuri kina cha shimo. Kwa hiyo kila baada ya hatua tano baba alizima injini, Sentimita akavuka chaki, akashuka mtaroni na ufito wenye alama, akapima.

"Ngapi?"

"Bado nne, baba!"

Injini ikawaka, mkono ukachota, injini ikazima.

"Sasa?"

"Umepitiliza moja! Unachimba kama unakanda ngano!"

"Nani amekufundisha kumsema baba yako?"

"Futi ndiyo inayosema!"

"Futi gani? Nimeshaijua futi yenu!" Baba akacheka, akapangusa uso, akacheka tena.

Ilichukua siku nne, kama ilivyosemwa. Siku ya nne alasiri mvua ikanyesha, na wote wawili wakasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea kutazama. Maji yakashuka kwa kiburi chao kile kile, yakafika kwenye mtaro, yakageuza njia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Sakafu ya mama ikabaki kavu.

"Mwanangu," alisema baba. Kisha akajirekebisha. "Sentimita."

Hakuwa amelitamka jina hilo kwa zaidi ya mwaka.

"Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wewe ulinyamaza kwenye futi, nusura mtu mwema apoteze jina lake. Kumwacha mwenzako aamini jambo ambalo unajua si kweli, huo nao ni uongo, hata kama mdomo haukufunguka. Hilo lishike mpaka uzeeke." Akanyamaza kidogo, lakini kilikuwa kimya cha kuvuta pumzi. "Na mimi nilinyamaza. Nilidhani nikimtaja mama yako nitakuumiza. Kumbe nilikuwa nakuacha peke yako. Sasa tupatane. Ukiwa na neno, lilete, hata liwe zito. Nami nitaleta la kwangu."

"Ninalo moja," alisema Sentimita.

"Lete."

"Mkate wako wa jana ulikuwa na chumvi nyingi."

Hapo ndipo nilipoweka nukta ya mwisho, nikaridhika, nikampelekea Sentimita aisome kwanza, maana hadithi ni yake. Aliisoma amekaa juu ya ukuta wangu wa mawe, akitikisa miguu.

"Babu, kuku hawakutaga siku ile."

"Walikuwa na nia."

"Na wewe si mrefu. Na meno yako nimeyaona ndani ya glasi."

"Hayo ni mapambo tu, mjukuu wangu. Nyumba bila rangi nani ataitazama?"

Akaendelea kusoma. Miguu ikaacha kutikisika. "Na huyu panya?"

"Panya yupi?"

"Aliyetafuna futi ya mama."

"Ah, yule! Panya mkubwa, kama paka..."

Sentimita akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha utepe wa njano kilichopauka, kina udongo kwenye mikunjo. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi. "Nimekiona uani kwako, tulipokuja kuchimba mtaro kando ya ukuta. Kilikuwa kimefungwa kwenye mti wa zamani wa kuegemezea nyanya. Panya hafungi fundo, Babu Chumvi."

Basi, wasomaji, mniwie radhi. Miaka mingi iliyopita nilipeleka suruali ikatiwe kiraka. Fundi alikuwa ndani, futi ilikuwa mezani pamoja na mkasi, nami nilikuwa na mnyanya unaolala chini. Nikakata kidogo tu. Alipotoka, nikasema nimeona panya. Akaniamini, au akanihurumia. Na siku ile ya trekta nilikaa juu ya ukuta nikiwa na maneno ya kuchekesha ya kutosha mtaa mzima. Neno moja tu ndilo lililohitajika, nami nikalimeza, nikamwacha mtoto wa miaka kumi na miwili alitapike peke yake.

Nilimweleza hivyo hivyo, bila pambo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanzoni umeapa nini?" aliuliza.

"Nimeapa kulipa kwa jasho langu."

"Sentimita kumi," alisema. "Toroli kumi. Udongo wa mtaro bado uko uani, na baba anataka uhamishiwe kwenye bustani."

"Lakini si mnalo trekta?"

"Trekta halijadanganya mtu."

Kile kipande amekishona kwenye futi kwa cherehani ya mama yake, kwa uzi wa njano, na sasa futi inaanzia moja kama futi za watu wengine. Mimi nimeshasukuma toroli saba. Ya nane nimeijaza nusu, nikaifunika kwa majani ionekane imefura, nikawa naondoka nayo nikipiga mluzi. Nikasikia hatua nyuma yangu, na futi ikikunjuliwa.

"Babu, rudi. Hiyo haijajaa. Bado sentimita kumi na mbili."